Mlaji Mezani: Maoni ya Wateja wa Kawaida Kuhusu Hoteli za Hadhi Jijini Mwanza

Mazungumzo yaliyotolewa jijini Mwanza katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani



Tulipoombwa kuzungumza, baadhi yetu walisita, kwa kuwa hatuna utaalamu wa mapishi wala wa uendeshaji wa hoteli. Sisi ni watu kumi na mmoja: walimu, wauguzi, fundi cherehani, karani wa halmashauri na wachuuzi wawili wa dagaa wa Kirumba. Tumeunganishwa na kikundi cha kuweka na kukopa. Miaka mitatu iliyopita tulikubaliana kwamba kila baada ya miezi miwili tutatenga sehemu ndogo ya faida, twende tukale mahali ambapo mtu wa kipato chetu kwa kawaida hupita nje tu na kuzitazama taa. Tumekula Capri Point, tumekula ufukweni Ilemela, tumekula katika ghorofa za juu katikati ya mji. Hatutaitaja hoteli hata moja kwa jina, kwa sababu hatukuja kumshtaki mtu, na kwa sababu mengi tutakayoyasema hayahusu nyumba moja peke yake.

Katika lugha ya ofisi, kila anunuaye bidhaa au huduma huitwa mlaji, hata kama alichonunua ni bati au umeme. Mezani neno hilo hurudi kwenye maana yake ya kwanza. Siku hii huadhimishwa tarehe 15 Machi kwa sababu tarehe hiyo, mwaka 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilipelekea Bunge la nchi yake ujumbe uliotaja haki nne za mlaji: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua, na kusikilizwa. Sisi tulizisoma haki hizo baadaye. Tulianza kwa kuzikosa.

Turuhusiwe kuanza na sifa, maana zipo. Majiko ya hoteli kubwa za Mwanza ni mazuri. Sato wa kuchoma tuliyemla ufukweni mwezi Juni mwaka jana hatujamsahau: ngozi yake ilikuwa imekauka bila kuungua, na nyama ndani ina maji yake. Usafi wa vyoo, unadhifu wa meza na ulinzi wa magari ni mambo ambayo hatuna lawama nayo. Wala hatulalamikii bei kuwa kubwa. Mtu anayekaa juu ya mwamba akilitazama ziwa jua linapozama analipia pia mwamba na jua, na hilo tunalijua kabla ya kuingia. Tunachotaka ni kujua tutalipa kiasi gani, na kwa kitu gani.

Kuhusu vyakula vyenyewe tuna neno moja tu, nalo si malalamiko kamili. Katika hoteli nyingi tulizokwenda tulikuta vyakula vya Italia na vya India, lakini ugali wa mtama hatukuuona, michembe hatukuiona, na matobolwa mhudumu mmoja alituuliza ni nini. Dagaa tuliwapata mara moja, kwenye kisahani cha kianzio, wamepambwa kwa limau. Mmoja wa wachuuzi wetu aliwahesabu: walikuwa ishirini na saba. Kisha akapiga hesabu ya bei ya ndoo nzima kwa kiwango hicho, nasi tukamsihi aiweke kalamu mfukoni.

Mchuuzi huyohuyo, hata hivyo, ndiye aliyetufundisha kutolalamika ovyo. Hoteli moja ilipotuambia kwamba siku hiyo hakuna dagaa wabichi, wengine tulinung'unika. Yeye alitazama juu, akatuonyesha mwezi mpevu. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi inapowaka, taa hazina nguvu na mavuno hupungua. Mhudumu aliyesema "leo hakuna" alikuwa amesema kweli, na alisema kabla hatujaagiza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ya sangara ni tofauti. Mara mbili tumeandikiwa kwenye orodha ya vyakula "mnofu wa sato" na tukaletewa sangara. Anayetoka Mwanza hadanganyiki: mnofu wa sangara ni mnene na hupasuka vipande vikubwa, wa sato ni mwembamba na laini zaidi. Sangara hana ubaya. Aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950, akawala samaki wengine wengi, akajenga viwanda vya minofu katika mji huu, na leo minofu yake husafirishwa nje na bondo lake huuzwa kwa bei inayowashangaza hata wavuvi wenyewe. Lakini aliyeagiza sato apewe sato. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu anachokiuza, na orodha ya vyakula ni maelezo kama yalivyo maelezo ya kwenye tangazo. Mara ya kwanza tulinyamaza. Mara ya pili tulimwita mhudumu, akamwita mpishi, na mpishi akakiri kwamba sato walikwisha saa tisa alasiri. Basi angalitufahamisha saa tisa na dakika moja, tungaliagiza kuku.

Sasa tuje kwenye mapokezi. Hapa tunaomba mameneja mtuvumilie.

Katika hoteli za namna hii, mgeni hupimwa mlangoni. Hakuna anayesema neno baya. Hupimwa kwa macho, kwa viatu, kwa gari alilokuja nalo, na sisi mara nyingi huja kwa daladala hadi njia kuu kisha tukatembea. Tumewahi kuelekezwa kwenye meza za ndani karibu na mlango wa jikoni, tukaambiwa kwamba meza zote za ziwani zimehifadhiwa, na meza hizo zikabaki tupu mpaka tulipoondoka. Tumewahi kusubiri dakika thelathini kuulizwa tunakunywa nini, ilhali wageni wa kizungu waliokuja baada yetu walikwisha kuhudumiwa. Hatuamini kwamba wahudumu wana chuki. Tunaamini wamefundishwa, au wamejifunza wenyewe, kwamba bakshishi hutoka upande ule. Fundisho hilo lina gharama: sisi tukipendezwa na mahali, huwaambia watu wa mitaa minne, na harusi na mahafali ya mitaa hiyo hutafuta ukumbi kila mwaka.

Lugha nayo ni mapokezi. Orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza peke yake, katika jiji ambalo kila mtu anazungumza Kiswahili, humfanya mtu mzima aagize kwa kunyoosha kidole kama mtoto. Tumeona binti wa miaka ishirini na kitu akimsalimia mama wa miaka sitini kwa salamu ya Kiingereza, kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa kuwasalimia wageni wote. Mama yule akajibu, "Marahaba, mwanangu," kwa shikamoo ambayo hakuipewa. Sote tulicheka, na binti akacheka pia, kisha akatoa shikamoo yenyewe.

Mama huyo ndiye Mwalimu wetu, na kisa chake ndicho kilichotuleta mbele yenu.

Mwalimu alistaafu mwaka jana baada ya kufundisha darasa la kwanza kwa muda mrefu kuliko umri wa baadhi yetu. Tulimwandalia chakula cha jioni cha kumuaga. Tulichagua hoteli nzuri, tukatenga shilingi 450,000, tukaiona orodha mapema, tukapiga hesabu. Fedha ilitosha na kubaki. Kwenye orodha kulikuwa na mstari mmoja usio na bei: sato mzima, bei kulingana na ukubwa. Tulimuuliza mhudumu. Akasema, "Ni bei ya kawaida tu, mama, hamtashangaa." Tukaagiza wawili, ili wakae katikati ya meza kwa heshima ya mgeni wetu.

Walikuja sato wakubwa, wazuri, na usiku ulikuwa mzuri. Kisha ikaja bili. Kila sato alikuwa shilingi 78,000. Jumla ya vyakula na vinywaji ilikuwa 455,000. Chini yake kulikuwa na ada ya huduma ya asilimia 10, yaani 45,500. Chini zaidi kulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ya jumla hiyo, yaani 90,090. Tulitakiwa kulipa 590,590. Orodha ya vyakula haikuwa imetaja ada wala kodi mahali popote. Tulikuwa tumezichukua bei zile kuwa ndizo bei.

Tulianza kutumiana fedha kwa simu chini ya meza, tukidhani Mwalimu haoni. Alikuwa anaona. Alifungua mkoba wake, akatoa shilingi 50,000, akaziweka juu ya bili bila kusema neno, katika karamu ya kumuaga yeye mwenyewe.

Tulimwita meneja. Alikuja na upole, akasikiliza, akasema kwamba kosa ni la mhudumu: alipaswa kuwapima samaki mbele yetu na kututajia bei. "Msijali," akasema, "tutamkata yeye." Binti alikuwa amesimama hapohapo na trei mkononi. Ndugu zangu, tungefanya nini? Tulisema basi, yaishe, tukalipa yote. Hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kula samaki kwa mshahara wa binti yule. Na tulipofika barabarani tukatambua kwamba malalamiko yetu yalikuwa yamemalizwa kwa njia rahisi kabisa: yalielekezwa kwa mtu ambaye hatukuweza kumlalamikia.

Tangu siku hiyo tumesoma, tumeuliza, na yafuatayo ndiyo tuliyojifunza.

Bei isiyoandikwa iulizwe kwa tarakimu. Jibu la "bei ya kawaida" si bei. Kama samaki anauzwa kwa uzito, bei ya kilo itajwe, samaki aletwe akiwa mbichi, apimwe mbele ya mteja, na kiasi kiandikwe kwenye karatasi ya oda kabla hajaingia jikoni. Mizani yenyewe iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Alama ya uhakiki hubandikwa juu yake na huonekana kwa macho. Tumekwisha kuomba kuiona mara kadhaa. Wahudumu hushangaa, lakini hatujawahi kunyimwa. Na mteja anayemwona samaki mbichi anapata pia nafasi ya kumtazama macho na matamvua, jambo ambalo Mwanza hakuna anayehitaji kufundishwa.

Kuhusu kodi na ada, yatenganisheni mambo hayo mawili. Kodi ya ongezeko la thamani ni ya serikali, na kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Biashara isiyosajiliwa kwa kodi hiyo haina ruhusa ya kuitoza, na iliyosajiliwa huwa na namba ya usajili, VRN, ambayo huchapwa kwenye risiti. Ada ya huduma ni uamuzi wa hoteli yenyewe. Si kodi. Tunaona ni haki ya mteja kuijua kabla hajaketi, kwa maandishi yanayosomeka bila miwani. Sahani ya shilingi 40,000 ikiongezewa ada ya asilimia 10 na kisha kodi, hufikia 51,920. Tofauti hiyo ya karibu shilingi 12,000 ndiyo nauli ya kurudi nyumbani na chai ya asubuhi. Hoteli nyingine hapa Mwanza huandika bei ambayo ndani yake kila kitu kimo, na tunaziona zinaendelea na biashara yake bila kuanguka.

Kisha risiti. Tunakiri kosa letu: usiku ule tuliondoka na bili tu. Bili ni karatasi ya hoteli inayoonyesha deni. Risiti ni ile inayotoka kwenye mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye namba ya mlipakodi, tarehe, saa na msimbo unaoweza kuusoma kwa simu na kuuhakiki kwa Mamlaka ya Mapato. Sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Siku tano baadaye tuliporudi kuiomba ili tuandike malalamiko, tulichapiwa nyingine papo hapo, ikiwa na tarehe ya siku hiyo. Ilikuwa kana kwamba karamu ya Mwalimu haikuwahi kuwapo.

Kuhusu wahudumu tulijifunza jambo ambalo tungetamani tungelijua tukiwa pale mezani. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara wa mfanyakazi kwa neno la mdomo mbele ya wateja. Ili akatwe kwa ajili ya hasara, hasara hiyo lazima iwe imetokea kazini kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na akubali kwa maandishi. Tena makato hayo hayawezi kuzidi robo ya mshahara wake. Mzozo wa namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa hiyo mlaji akiambiwa "tutamkata yeye," ana haki ya kujibu kwamba malalamiko yake ni dhidi ya hoteli, na kwamba hoteli ndiyo iliyoandika orodha isiyo na bei. Tangu hapo tumekuwa tukisema hivyo, kwa adabu, na tumeona uso wa mhudumu ukibadilika tunaposema.

Bakshishi nayo tulikuwa tunaitoa kwa kuiweka juu ya bili. Mhudumu mmoja, tulipomsindikiza kwa maswali mpaka ngazini, alitueleza kwamba ada ile ya asilimia 10 katika nyumba yao haiwafikii. Hatuwezi kusema ndivyo ilivyo kote. Sasa huuliza, na bakshishi humpa mtu mkononi.

Kwa malalamiko yenyewe, anzeni na meneja, na kama fedha ni nyingi mwandikieni barua mkibaki na nakala. Ikiwa mmepotoshwa kuhusu bei au bidhaa na hoteli haikusikia, Tume ya Ushindani ina ofisi hapa Mwanza. Aliyeumwa kutokana na chakula aende kwanza hospitali, kisha amwone afisa afya wa halmashauri au Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lililopokea kazi ya usalama wa chakula kutoka iliyokuwa TFDA. Mashaka ya mizani ni ya Wakala wa Vipimo. Mtu asikate tamaa kwa kupelekwa ofisi isiyo yake. Sisi tulipelekwa mbili.

Barua yetu kwa hoteli ilikuwa ya ukurasa mmoja. Tuliandika tarehe, meza, samaki wawili, majibu ya mhudumu kama alivyoyasema, na tukaongeza mstari kwamba hatutaki mhudumu akatwe. Hatukuomba kurudishiwa fedha, ingawa wawili kati yetu walitaka tuombe, na huenda walikuwa na haki. Wiki tatu zilipita. Kisha tukapigiwa simu na mtu wa juu kuliko meneja yule, akatualika kwa chai. Alitwambia kwamba binti hakukatwa. Alituonyesha orodha mpya: bei ya sato kwa kilo, maneno ya Kiswahili chini ya yale ya Kiingereza, na mstari mmoja kwenye kila ukurasa kwamba bei zimejumuisha kodi na ada. Bei zenyewe, tuliona, zilikuwa zimepanda kidogo. Tukasema ni sawa, mradi tunaziona.

Tulirudi kula mwezi Novemba. Sato aliletwa kwenye trei, akapimwa mbele yetu: kilo moja na gramu mia nne. Mizani ilikuwa na alama yake. Tulimuulizia binti yule, tukaambiwa amepata kazi Geita. Mwalimu tulimwalika, tukamwambia safari hii kila kitu kimeandikwa. Alitushukuru, akasema samaki wa Kirumba wanamtosha.

Tuko tayari kwa maswali, na tungependa tuanze na mameneja.